Darasa la afya na usalama mtaani: watoto nao waje

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kirumba, Mwanza. Mwezi uliopita mtoto wa jirani yangu, wa mwaka mmoja na nusu, alivuta sufuria ya uji jikoni, ukammwagikia kifuani na mkononi. Tulijaa pale. Mmoja akaleta dawa ya mswaki, mwingine yai, mwingine unga wa ngano. Tulipofika hospitali tuligombezwa sana. Mtoto anaendelea vizuri, ila mama yake hatoki ndani, watu wanamsema. Kikoba chetu cha wanawake 18 sasa kinataka kuanzisha darasa la afya na usalama. Wengine wanasema watoto wasije, wataleta fujo. Kuna mtu amejitolea kutufundisha siku moja kwa shilingi 300,000 na kila mmoja apate cheti. Tuanzie wapi, na tufundishe nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nashukuru umeeleza mambo kama yalivyokuwa, hadi hiyo dawa ya mswaki. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 31, na kwa 14 kati ya hiyo nimefundisha wazazi huduma ya kwanza barazani, uani na chini ya miembe. Nitaanza na hilo la watoto, maana likishaamuliwa mengine yanafuata.

Watoto waje.

Hebu jiulize, ajali za mtaani kwenu zinapotokea, ni nani huwa karibu kabisa na mtoto? Mara nyingi si mama. Mama yuko sokoni Mwaloni na dagaa wake, au ameinama anafua upande wa pili wa nyumba. Aliye karibu ni dada wa miaka 9 aliyeachiwa mdogo wake amshike. Kwa saa hiyo yeye ndiye mlezi. Ukimfundisha mama peke yake, umemfundisha mtu ambaye hatakuwepo.

Wazo hili si langu. Kuelekea mwaka 1979, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, daktari wa watoto David Morley na mwalimu Hugh Hawes walianzisha London mpango wa kufundisha afya ulioitwa Mtoto kwa Mtoto. Waliona kwamba katika nchi nyingi watoto wakubwa ndio wanaolea wadogo zao, basi wapewe ujuzi wa kazi ambayo tayari wanaifanya. Morley unamfahamu bila kujua: ule mstari wa uzito unaopanda kwenye kadi ya kliniki ya mwanao umetokana na kazi aliyoifanya Ilesha, Nigeria. Alijua akina mama wa vijijini, na alijua nani anabeba nani mgongoni.

Ila naomba mlishike hili: mtoto wa miaka 9 asibebeshwe lawama ya mtu mzima. Afundishwe mambo matatu tu: kumtoa mdogo wake kwenye hatari ikiwa yeye mwenyewe hataumia, kumwaga maji akiungua, na kupiga kelele hadi mtu mzima aje. Mdogo akiumia, asichapwe. Mtoto anayeogopa kuchapwa huficha, na akificha nusu saa kwamba mdogo wake amekunywa mafuta ya taa, hiyo nusu saa hamtaipata tena.

Sasa nikueleze kwa nini nasisitiza namna ya kufundisha kuliko orodha ya masomo. Darasa langu la kwanza nililifanya ukumbini. Akina mama 60, viti vya plastiki, mabango ya rangi ukutani, nikaongea saa tatu. Walinipigia makofi. Wiki tatu baadaye mmoja wao aliletwa wodini kwetu na mwanawe ameungua mguu, na mguu umepakwa unga. Nikamuuliza, mama, si tulisema maji? Akaniangalia akilia, akasema, "Sista, nilikumbuka maji, lakini mkono ulikuwa umeshachukua unga."

Sijawahi kuyasahau maneno hayo. Mtu akishtuka, kichwa hakina nafasi ya kufikiri, mkono unafanya ulichozoea. Yule mama alikuwa amemwona bibi yake akichukua unga, na mama yake akichukua unga, na mimi alinisikia mara moja. Tangu siku hiyo sifundishi kitu ambacho mkono haujakifanya.

Basi somo lenu la kwanza liwe moto, kwa sababu ndilo lililowaumiza na kila mmoja wenu bado anausikia ule mlio wa mtoto. Lifanyeni hivi. Wekeni uani ndoo ya lita 20 iliyojaa maji safi ya kawaida, yasiwe ya barafu, kikombe cha robo lita, na beseni. Mtoto mmoja anyooshe mkono juu ya beseni. Mama amwage kikombe kimoja polepole kila baada ya sekunde 15. Mwingine ashike simu ahesabu muda. Mtaona jambo la ajabu: ndoo moja inatosha dakika 20 kamili, na dakika 20 ndizo zinazotakiwa. Mtaona pia kuwa ni ndefu kuliko mlivyodhani. Kufika dakika ya 4 mama anataka kuacha. Kufika ya 8 anatazama simu. Mwacheni amalize, ili siku ya siku ajue mwilini mwake urefu wa dakika 20. Maji yakiwa haba, yale ya kwenye beseni yatekwe tena yamwagwe.

Wakati maji yanamwagwa, mtu wa pili amvue mtoto nguo iliyoloa uji, na bangili au uzi wa mkononi kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi iachwe. Mtoto mdogo hupoa haraka, kwa hiyo sehemu zisizoungua zifunikwe kanga. Baada ya hapo kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, au mfuko safi wa plastiki ulio laini, halafu hospitali. Kwa mtoto wa umri ule hospitali ni lazima, hata kama ngozi inaonekana nyekundu tu. Malengelenge yasipasuliwe. Dawa ya mswaki, yai, asali, mafuta ya kupikia na unga vinazuia joto lisitoke, vinaleta vijidudu, na daktari inabidi aanze kuvikwangua juu ya ngozi iliyo wazi. Hapo ndipo mtoto analia mara ya pili. Nadhani ndiyo sababu mligombezwa, ingawa kugombeza mzazi aliyepaniki hakumfundishi kitu, na nasikitika mlipokelewa hivyo.

Jumamosi inayofuata, tembeeni. Nyumba hadi nyumba, akina mama na watoto pamoja, na kila mama achuchumae hadi macho yake yalingane na ya mwanawe. Nyumba ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni nyumba nyingine kabisa. Haina meza, ina kona ya kitambaa cha meza kinachoning'inia, na juu ya kitambaa hicho kuna chupa ya chai. Ina mpini wa sufuria uliojitokeza nje ya jiko. Ina waya wa pasi. Ina ndoo ya maji ambayo kimo chake kinamfika kifuani, na akitumbukia kichwa kwanza hawezi kujitoa. Waacheni watoto wakubwa wawe viongozi wa matembezi haya, kwa sababu wao wanajua kila mahali wanapokatazwa kwenda na wanakwenda. Kila hatari mkiikuta, mwenye nyumba aishughulikie pale pale: mpini ugeuzwe ndani, kitambaa kiondolewe, ndoo ifunikwe. Jiko la mkaa lililoko sakafuni lizungushiwe matofali matatu manne ya kumchelewesha mtoto. Na usiku lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto, kwa sababu moshi wake usioonekana umewaua watu wakiwa wamelala.

Katika matembezi hayo mtakuta chupa. Nina hakika mtazikuta: chupa ya soda yenye mafuta ya taa, chupa ya maji yenye dawa ya kusafishia choo, chini ya kitanda au pembeni ya mtungi. Mtoto hasomi lebo, anajua umbo la chupa na utamu aliouonja ndani yake. Nikiwa darasani huwa naweka mezani chupa mbili za soda, moja ina maji niliyoyatia rangi, nawaita wadogo wa miaka 3 na 4 bila kusema neno. Mikono inanyooshwa yenyewe. Akina mama wakiona hivyo sihitaji kuhubiri. Na mtoto akishakunywa mafuta ya taa, msimtapishe, msimpe maziwa, msimpe mafuta ya kula. Mafuta ya taa hudhuru zaidi yakiingia mapafuni, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Mbebeni hospitali akiwa amekaa, na chupa mwende nayo.

Ninyi watu wa Kirumba mna ziwa mlangoni, kwa hiyo somo la maji msiliweke mwisho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kuzama hakuna kelele, mwanangu. Mtoto anayezama hapungi mkono wala haiti, kwa sababu anatafuta pumzi na mdomo uko majini. Ndiyo maana dada yake anafua hatua tano kutoka pale asisikie chochote.

Wafundisheni watoto wakubwa kwamba mwenzao akizama hawaingii majini. Wengi wamekufa wawili kwa sababu wa pili aliingia kumsaidia wa kwanza. Chukueni dumu tupu la lita 20, lifungwe kizibo barabara, lifungwe kamba ndefu mpini. Dumu hilo linaelea na linamudu mtu. Mfanye mazoezi ufukweni, mtu mzima akiwa kwenye maji ya kiunoni na watoto nchi kavu wakitupa. Mara ya kwanza dumu litaanguka miguuni kwao. Warudie hadi lifike. Halafu mzungumze na wenye mitumbwi wa eneo lenu, dumu moja libaki pale watoto wanapoteka maji, na lisigeuzwe la kuchotea.

Mtoto akitolewa majini hapumui, msimning'inize miguu juu wala msimkande tumbo maji yatoke. Anahitaji pumzi kwanza: pumzi 5 za mdomo kwa mdomo, kisha kukandamizwa kifua mara 30 kwa pumzi 2, bila kuacha, huku wengine wanatafuta usafiri. Hili nalieleza ili mjue lipo, lakini mlijifunze kwa mwalimu aliyehitimu mwenye mdoli wa mazoezi, kwa sababu kina na kasi ya kukandamiza havielezeki kwa maandishi.

Kuogelea nako kufundishwe, watoto wakifika miaka 6 hivi, wasichana kwa wavulana. Nimesikia wazazi wakisema binti haogelei kwa sababu ya stara. Kule Nungwi, Unguja, mradi unaoitwa Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo zinazowasitiri mwili mzima. Ziwa halichagui.

Kupaliwa na degedege mvifundishe siku moja. Mdoli mtengeneze wenyewe: kilo 5 za mchele kwenye mfuko, mkaufunga kwa kanga ukawa na kichwa. Mtoto aliyepaliwa akiwa anakohoa kwa sauti, mwacheni akohoe. Akinyamaza, akashindwa kulia, na ni wa chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kitu kisipotoka mgeuze, vidole viwili katikati ya kifua, bonyeza mara 5. Endelea kubadilisha. Aliyezidi mwaka ni mapigo 5 mgongoni, kisha unamkumbatia kwa nyuma na kuvuta ngumi ndani na juu, kati ya kitovu na mbavu, mara 5. Kidole kisiingizwe mdomoni kutafuta kitu usichokiona, kinakisukuma ndani.

Kuhusu degedege, nawaomba mzungumze na bibi zenu kwa heshima. Kwa wengi wao ni jambo la dege au shetani, si la hospitali, na wanajua kufukiza kinyesi cha tembo. Usibishane nao mbele ya watu. Sema tu kwamba tumlaze mtoto ubavu, tusimwekee kijiko mdomoni, tusimnyweshe kitu, na safari ya hospitali ianze sasa hivi. Kanda yenu ina malaria nyingi, na homa pamoja na degedege inaweza kuwa malaria kali ambayo haingoji asubuhi. Bibi akitaka kuomba dua, aiombe ndani ya bajaji mkiwa njiani. Bibi mmoja aliyekubali hivyo alikuja kuwa mwalimu wangu bora, kwa sababu watu walimwamini kuliko walivyoniamini mimi.

Kuhara nitakupitisha haraka kwa sababu mhudumu wenu wa afya analifundisha vizuri: pakiti ya ORS, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumeisha. Barabara nayo: mtoto wa chini ya miaka 10 bado hajui kukadiria kasi ya gari, kwa hiyo ashikwe mkono na mtu mzima, si kaka yake wa miaka 8. Mkitaka kuibana serikali ya mtaa kuhusu kivuko na njia ya miguu mbele ya shule, mnao mfano wa hapa hapa nchini. Shirika la Amend lilianza kurekebisha maeneo ya shule Dar es Salaam kwa vitu vidogo kama matuta, alama na njia za waenda kwa miguu, na kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ross ya Miji ya mwaka 2019.

Lipo somo moja ambalo hukuliuliza na akina mama hawaliulizi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walipitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Ni watoto wa mitaa kama wenu na wangu. Na mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayemfahamu, anayepewa chai akifika nyumbani.

Mfundishe mtoto majina ya viungo vyake bila kucheka na bila kukunja uso. Mfundishe kwamba sehemu zinazofunikwa na chupi na fulana hazishikwi na mtu, isipokuwa mzazi anapomwogesha akiwa mdogo, au daktari mzazi akiwepo. Mfundishe kwamba siri ya kumnunulia mama zawadi ni siri nzuri, na siri inayomuumiza tumbo ni ya kusemwa hata kama aliapishwa. Somo hili hasa ndilo linalotaka mzazi na mtoto wakae pamoja, kwa sababu mtoto anahitaji kumwona mama yake akiyasikia maneno hayo bila kukasirika. Akishaona, atajua mlango uko wazi. Ikitokea jambo limeshatendeka, asiogeshwe, nguo zisifuliwe, afikishwe hospitali upesi na kabla saa 72 hazijapita, maana dawa za kumkinga na VVU zina muda wake. Dawati la Jinsia na Watoto liko vituo vya polisi, na namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure. Na msiyamalize kifamilia kwa mbuzi na faini, nawaomba sana.

Sasa huyo wa laki tatu. Simjui, lakini siku moja haitoshi, na cheti cha mtu asiyejulikana hakina kazi. Fedha hizo zitumieni kuwapeleka wawili wenu wenye moyo na subira wakajifunze huduma ya kwanza kwa Chama cha Msalaba Mwekundu, kisha warudi wawafundishe kidogo kidogo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu ni mtu wenu, mwiteni. Serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu hao Januari 2024, na kuzungumza na vikundi kama chenu ni sehemu ya kazi yao. Zimamoto na Uokoaji nao hutoa elimu kwa jamii, andikeni barua kupitia mtendaji. Watoto waimbishwe namba hadi zikae: 114 zimamoto, 112 polisi, na 115 ya m-mama, usafiri wa dharura kwa mjamzito na mtoto mchanga.

Vipindi visizidi saa moja. Unganisheni na siku ya kuchanga hisa, kabla ya daftari kufunguliwa, ili asije mtu kwa ajili ya soda wala posho. Kila kipindi kianze kwa kurudia kwa mikono somo lililopita, maana ujuzi huu hupotea ndani ya miezi michache usipoguswa. Fujo za watoto zitakuwepo. Wape kazi: mmoja mshika saa, mmoja mwaga maji, mmoja mgonjwa. Mtoto aliyepewa kuwa mgonjwa hutulia kuliko wote.

Nabaki na yule jirani yako. Usimtumie ujumbe, nenda mwenyewe, na usimpeleke kwenye darasa kama mfano. Mwambie kwamba sufuria ile ingeweza kuvutwa na mtoto wa yeyote kati yetu, na waliokuja na dawa ya mswaki na yai ni sisi wengine. Jumamosi ya kwanza mkimwaga maji, mpeni yeye kikombe. Nimewahi kumwona mama wa namna hiyo akimwagia mkono wa mtoto wa mwenzake dakika 20 nzima bila kuinua kichwa, na alipomaliza ndoo aliomba ijazwe tena.